Firigisi ya mgeni

"Mama, hii chupa ilikanyagwa na gari?"

Mwanangu ameishika ile chupa bapa ninayotilia mafuta ya alizeti. Nimecheka, halafu nimenyamaza.

Ilikuja na divai kutoka Würzburg, Ujerumani, mwaka 2006, urafiki wa mji ule na Mwanza ulipotimiza miaka 40. Divai aliimaliza mjomba. Chupa ikabaki kwa bibi, na bibi hakuwa mtu wa kutupa kitu chenye kizibo.

Ya hadharani siyakumbuki sana. Hotuba, zawadi, wacheza bugobogobo na majembe yao, jua. Nakumbuka jioni ambapo mgeni mmoja, mama wa makamo, aliletwa kula kwetu Kirumba kwa kuwa yeye na mama walikuwa wameimba kwaya pamoja wiki nzima. Mlangoni akasalimu kwa Kisukuma, "Mwadila!" Bibi akaitikia kwa sauti iliyowatoa majirani ndani.

Kuku alikuwa ameshachinjwa. Firigisi ikawekwa kwenye sahani ya mgeni, juu ya vyote. Nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya baba, au ya mgeni mzito. Mimi wa miaka tisa nilikuwa naijua kwa macho tu. Yule mama akaitazama. Akaomba kisu, akaikata vipande vitano, akatugawia watoto.

Kimya. Mjomba akakohoa. Mama akainamia sahani yake. Kipande changu kilikuwa tayari mdomoni, kigumugumu, kitamu. Naogopa kutafuna, naogopa kutema. Bibi akamwangalia mgeni, akaniangalia mimi, akasema kwa Kisukuma jambo ambalo mama alikataa kumtafsiria mgeni. Kisha akacheka. Nikatafuna.

Mjomba mpaka leo anashikilia kwamba tulidharauliwa.

Bibi alipofariki, rambirambi ilifika kutoka Würzburg. Ikaandikwa kwenye daftari la msiba, kati ya mama muuza dagaa na watu wa jumuiya: jina na kiasi, basi, nchi haikutajwa. Sasa yule mama naye amefiwa na mumewe. Mama yangu amelifukua daftari, amesoma kiasi, anataka kurudisha. Nimemwambia wenzetu kule pengine hawachangiani misiba hivi, ataona ajabu.

"Wewe si ulikula firigisi yake?" kanijibu. "Tafuta namna ya kuipeleka hiyo hela."