Nimechagua umeme wa piezo, ila si kiatu cha kuchaji simu

Jioni hii nimejaza fomu ya maonyesho ya sayansi: umeme wa piezo, yaani umeme unaotoka kwenye baadhi ya vitu vikikandamizwa. Rafiki yangu kashangaa. Si juzi tu nilikuwa nikilalamika kwamba habari za viatu vya kuchaji simu ukitembea zimenichosha? Zimenichosha kweli, na ndizo zilizonifanya nichukue mradi huu.

Kilichoniteka ni kidude chenyewe, nilichokichomoa kwenye saa mbovu ya kengele. Ni kisahani chembamba cha shaba ya manjano, juu yake duara jeupe la kauri, na nyaya mbili nyembamba kama uzi. Ukikigonga kwa kidole, namba za mita ya volti zinaruka. Ukikibonyeza ukashikilia, zinarudi sifuri. Ukiachia, zinaruka tena, safari hii upande wa hasi. Kumbe kukandamiza peke yake hakutoshi, lazima mkandamizo uwe unabadilika. Nimekichezea mpaka nikaitwa kula mara mbili.

Jacques na Pierre Curie, mtu na ndugu yake, ndio waliogundua jambo hili mwaka 1880, kwenye fuwele kama kwatsi na hata sukari ya miwa. (Sukari! Hilo bado linanichekesha.)

Halafu nikapiga hesabu. Kapasita (kidude cha kuhifadhi chaji ya umeme) ya mikrofaradi 1,000 ikijaa hadi volti 3 inabeba nishati ya jouli 0.0045. Betri ya simu ya milliampea-saa 4,000 inabeba zaidi ya jouli 50,000. Ningelazimika kuijaza kapasita hiyo zaidi ya mara milioni 11, na hapo sijahesabu kinachopotea njiani. Volti zipo tele, mkondo ndio haba. Wanaoonyesha kiatu na simu kwenye meza moja hesabu hii huwa hawaibandiki ukutani.

Kwa hiyo swali langu ni dogo: pigo moja linatoa nishati kiasi gani, na je, namna ya kukiegemeza kisahani inaleta tofauti? Nitaangusha uzito uleule kutoka kimo kilekile, kwanza kisahani kikiwa bapa mezani, kisha kikiwa kimeshikwa ukingoni tu ili katikati papinde. Dau langu liko kwenye kupinda. Mwalimu ameuliza kama kuna taa itakayowaka. Itakuwepo ya LED, ya kumeta kidogo, kwa ajili ya majaji.

Kinachonisumbua sasa ni mita. Kwa pigo moja nahitaji kapasita ndogo, labda ya mikrofaradi 1, na mita ya dijitali yenye ukinzani wa megaohmu 10 itainyonya karibu theluthi mbili ya volti zake ndani ya sekunde 10. Namba ya juu lazima idakwe papo hapo. Rafiki yangu amekubali kurekodi kioo cha mita kwa simu, kwa sharti kwamba jina lake liandikwe kwenye bango, tena kwa herufi kubwa kama zangu.