Kuandika hovyohovyo nako ni kazi: alama za kiwandani kwenye Corvette ya 1967

Watu wakiona Corvette ya zamani, lile gari la michezo la Chevrolet, imefufuliwa wanakodolea rangi na kromu, mi siku hizi nainama chini kwanza nione fremu imeandikwaje. Gereji ninayopiga kazi iko Missouri, jimbo lilelile la kiwanda cha St. Louis kilichokuwa kinaunda hizi gari mpaka 1981, na sasa hivi tunayo ya 1967, mwaka ambao zilitoka 22,940.

Iko hivi, gari likipita kwenye laini ya kuunganishia kiwandani kila mtu alikuwa anaacha alama yake. Mkaguzi akiridhika kwamba nati imekazwa anadondosha tone la rangi anaendelea na nyingine. Fremu zilitoka kwa kampuni ya A.O. Smith zikiwa zimepigwa stensili nyeupe, nambari ya spea na tarehe. Halafu bodi ni ya faibaglasi, haikai sawa kwenye kila fremu, kwa hiyo jamaa anapima, anaamua hapa viingie vibati viwili vya kujazia nafasi, pale vitatu, anaandika kwa krayoni hapohapo kwenye fremu, kama seremala anavyojiandikia vipimo kwenye ubao, wala hawazi kwamba miaka hamsini na kitu baadaye kuna mtu atalala chini na tochi anaisoma.

Ndo maana mzee mwenye gereji hataki kusikia habari ya kupiga mchanga wa presha kusafisha fremu mapema. Grisi iliyogandamana ndo imezihifadhi hizo alama, ukiitoa kwa pupa na zenyewe zinaondoka, kwa hiyo unafuta polepole na kitambaa, unapiga picha ukiwa umeweka rula pembeni, unachora juu ya nailoni nyepesi ile mikunjo ya mwandiko ilivyo, baada ya hapo ndo upake rangi yako.

Kazi ngumu ni kurudishia hizo alama. Ukiandika vizuri umeharibu! Yule mtu alikuwa na haraka, laini haimsubiri, namba yake imelala, rangi imechuruzika kidogo, stensili imekosa wino upande mmoja. Mi mwandiko wangu wa shule unanisumbua sana hapo, mzee akiona nimenyoosha tu ananiambia futa. Nafanyia mazoezi kwenye bati bovu mpaka mkono ulegee.

Majaji wa NCRS, chama cha wenye Corvette kilichoanzishwa 1974, wanataka gari lilivyotoka kiwandani na kasoro zake, siyo lipendeze kuliko lilivyozaliwa. Pointi zote ni 4510 na ili upate Top Flight, tuzo yao, inabidi ufikishe asilimia 94.

Ila kuna mahali mi sigusi: ile sehemu bapa mbele ya bloku ya injini yenye nambari zilizogongwa. Krayoni ni kurudisha kilichokuwepo, lakini kusaga bloku ya gari lingine halafu unagonga nambari mpya ili ionekane imezaliwa nalo, huo ni wizi jamani, mnunuzi analipia kitu ambacho hakipo. Na majaji wenye macho wanaangalia ile mistari myembamba iliyoachwa na mashine kiwandani, ukishasaga imekwenda. Nambari ya gari lenyewe ndo usiseme, kuichezea hapa Marekani ni jinai.

Mteja wetu aliuliza maana bloku yake ilishabadilishwa zamani, tukamwambia hapana, inabaki na nambari zake. Pointi zitakatwa, zikatwe.