Karatasi ambayo Mama Mdogo Hakuitia Saini

Mwaka 2018 daladala ilimgonga mama yangu mdogo alipokuwa akivuka Barabara ya Mandela, Buguruni, jijini Dar es Salaam. Mfupa wa paja ulivunjika, akawekewa vyuma, na alipoanza kutembelea magongo tuliitwa kituo cha polisi. Nilidhani tunakwenda kuandikisha maelezo. Tulimkuta mwenye gari ameketi, na mbele yake palikuwa na bahasha yenye shilingi 300,000 pamoja na karatasi iliyokwisha kuandikwa kwa mkono.

"Mama, mimi ni mtu mzima mwenzako. Pokea hii ikusaidie dawa, tuyamalize kiungwana," alisema. Mjomba alininong'oneza kwamba tukikataa tutakosa vyote, na askari aliyekuwapo akaongeza kwamba kesi hizi huchukua muda mrefu. Miwani ya mama mdogo ilikuwa imevunjika katika ajali, kwa hiyo nilimsomea karatasi ile kwa sauti. Mistari ya mwanzo ilizungumzia utu na ujirani mwema. Wa mwisho ulisema kwamba majeruhi hatakuwa na madai mengine yoyote dhidi ya dereva, mmiliki wa gari wala kampuni ya bima.

"Kumbe kuna bima?" aliuliza mama mdogo. Hakuna aliyemjibu. Alisukuma bahasha kwa ncha ya kidole mpaka ikafika upande wa mwenyewe, akaniomba nimpe magongo yake.

Aliyetufumbua macho alikuwa msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Alitueleza kwamba Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, yaani ile inayowafidia wengine wanaoumizwa na gari hilo, kabla gari halijaingia barabarani, na kwamba mtembea kwa miguu aliyegongwa ni miongoni mwa watu ambao bima hiyo imewekwa kwa ajili yao. Alitutenganishia pia mambo mawili ambayo familia nyingi huyachanganya, nasi tulikuwa tumeyachanganya: kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, na faini yake huingia serikalini, ilhali madai ya fidia ni ya majeruhi mwenyewe, naye ana miaka 3 tangu siku ya ajali kuyafungua mahakamani iwapo mazungumzo yatashindikana. Hata hivyo alitusihi tusiipuuze kesi ile, kwa kuwa dereva akitiwa hatiani, hukumu hiyo huwa ushahidi mzito katika madai.

Dereva alikiri kosa, akatozwa faini, akatoka. Inaniuma hadi leo kwamba mtu aliyevunjwa mguu anaweza kukaa katika chumba kile cha mahakama mpaka shauri liishe bila mtu yeyote kumweleza kwamba haki yake yeye bado haijaguswa.

Kukusanya nyaraka ndiko kulikotuchosha: PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, taarifa za polisi za PF90 na PF115, ripoti ya ukaguzi wa gari, nakala ya hukumu, stakabadhi za hospitali na ripoti ya daktari yenye kiwango cha ulemavu. Kampuni ya bima ilijibu kwamba mama mdogo alivuka nje ya kivuko, hivyo alichangia ajali na malipo yake yapunguzwe. Tulirudi kwenye mchoro wa ajali uliochorwa na askari wa usalama barabarani siku ileile. Kwa kalamu ya bluu alikuwa amechora mistari ya pundamilia, akaweka alama ya msalaba mahali alipogongewa, nayo ilikuwa katikati ya mistari hiyo. Msaidizi wetu aliambatanisha nakala ya mchoro na barua iliyosema kwamba jibu lisiporekebishwa tutakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hoja ya kivuko haikurudi tena.

Malipo yalipotoka yaligharamia matibabu, upasuaji wa baadaye wa kutoa vyuma, na sehemu ya kipato alichopoteza katika genge lake la mboga. Fedha alizomlipa binti wa jirani aliyemwogesha na kumpikia miezi yote ile hazikurudishwa, kwa sababu hazikuwa na stakabadhi.