Mkono wa Kushoto

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, tulipofuata ofisi za serikali kutoka Dar es Salaam. Kwenye chumba nilichopanga mtaa wa Kikuyu niliingia na godoro, jiko la gesi na kinanda cha vibao 61. Kinanda hicho ndicho nilichojifunzia sehemu ya kwanza ya Pathétique, sonata, yaani utunzi wa piano wa sehemu kadhaa, ambayo mtunzi Beethoven aliichapisha mwaka 1799. Chuo cha muziki sijakiona. Nota nilifundishwa kwaya nikiwa kijana, na piano nimeipenda tangu hapo.

Piano nyingi za zama zile nazo zilikuwa na oktava tano (oktava ni kutoka do moja hadi do inayofuata), sawa na kinanda changu. Ila piano hizo zilianzia fa ya chini, changu kilianzia do iliyo juu yake. Kwa hiyo kila besi iliposhuka zaidi, kidole changu kiligonga meza, noti nikaisikia kichwani tu.

Lakini kilichonitesa hasa ni mkono wa kushoto. Baada ya mwanzo mzito wa polepole, muziki unachomoka mbio, na mkono huo unatikisa do mbili za oktava, kidole cha mwisho na gumba kwa zamu, mstari baada ya mstari. Sikumaliza hata ukurasa bila mkono kukakamaa kuanzia kiwiko. Nikadhani ni udhaifu, nikaongeza mazoezi. Maumivu yakanifuata hadi kazini, nikawa nasaini barua kwa taabu, maana mimi ni wa kushoto.

Kanisani kwetu kulikuwa na piano ya zamani. Ukavu wa Dodoma hauna huruma na piano: mbao hukauka na kusinyaa, pini zinazoshika nyuzi hulegea, sauti hushuka. Ndiyo maana ndani yake, chini, palikaa mtungi mdogo wa maji ili kuipa unyevu, na mlinzi aliujaza kila wiki kiangazi chote. Nilimheshimu sana kwa kazi ile.

Jioni moja nikifanya mazoezi pale, mama mmoja wa sauti ya pili alibaki nyuma kunisikiliza. Alikulia Chamwino akipiga ngoma ya muheme, na kwaya nzima ilimtegemea kwa manyanga. Aliniangalia kitambo, akasema, "Mwanangu, mbona unapigana nayo?"

Akachukua manyanga, akayatikisa kwa kasi ileile ya mtikiso wa mkono wangu wa kushoto huku akiendelea kuzungumza nami, kana kwamba mkono haukuwa wake. Akaniwekea vidole vyangu juu ya mkono wake nipapase. Ulikuwa laini. Kilichozunguka ni mkono wote wa chini, huku na huku, kama wa mtu anayefungua kitasa. Vidole vilisindikiza tu. "Ukikaza, wimbo wa pili hufiki," akasema.

Nilianza upya, polepole mno, kwa miezi mitano.

Siku ya kupiga ilikuwa Jumamosi mwishoni mwa Novemba 2019, jioni ya uimbaji ya kwaya yetu. Joto lilikuwa la kuziba pumzi. Nilipiga ile kodi ya kwanza, noti kadhaa kwa pamoja, kama ilivyoandikwa, kwa nguvu kisha sauti ikafifia papo hapo, jambo ambalo kinanda changu hakikuweza kamwe. Kanisa likatulia. Nikafika mwisho wa utangulizi, nikaingia kwenye mbio, na mvua ya kwanza ya msimu ikashuka juu ya bati.

Aliyewahi kukaa Dodoma anajua. Watu walipiga vigelegele, vijana wakatoka nje kuinua nyuso zao, akina mama wakakumbuka mahindi waliyoyaanika. Sikuwalaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe sikusikia noti zangu. Niliendelea kwa kuhisi vibao tu, ukurasa wa pili, wa tatu, nikisubiri kiwiko kianze kuuma.

Hakikuuma.

Nilipoinua macho baada ya kodi ya mwisho, yule mama alikuwa amesimama ubavuni mwa piano, kitenge kimelowa begani. Aliniinamia sikioni ili sauti yake ishinde bati.

"Sikusikia kitu, mwanangu," akasema. "Ila mkono nimeuona."