Bana ugoko mbele, usirudi nyuma

Jumamosi nilimpeleka mdogo wangu skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa vibao virefu vya miguuni, pale Canada Olympic Park, hapa Calgary, walipofanyia baadhi ya michezo ya Olimpiki ya 1988. Ametoka Moshi juzijuzi tu, theluji alizoea kuiona kwa mbali kule juu Kibo, na njiani alikuwa ananiambia kaka, mimi na miaka yangu 29 si nimechelewa? Nikamwambia Philip Boit wa Kenya kazaliwa 1971, skii kaanza 1996, na 1998 alikuwa Olimpiki ya Nagano, Japani, kwenye skii za mbio ndefu. Akanyamaza.

Tukaanza na buti. Soksi vaa moja tu, ukivaa mbili mguu unabanwa na baridi inakupata haraka, halafu funga mpaka kisigino kisinyanyuke.

Sasa kuna hili ambalo kwangu mimi ndo skii yenyewe: kunja magoti, ugoko ubane ulimi wa buti muda wote. Ukiogopa mwili wenyewe unarudi nyuma, ndo tulivyozoea kushuka kwenye matope, lakini huku ukirudi nyuma uzito unatoka kwenye ncha za mbele, skii zinakimbia na usukani huna tena. Mdogo wangu mara mbili za kwanza alipiga kelele "Kaka, mbona hazisimami!" na mimi namwona kabisa makalio yamebaki nyuma, kama anatafuta kiti.

Kusimama ni hivi, ncha za mbele zikaribiane ila zisipandane, visigino visukume nje, pole pole, mpaka kingo za chuma zikwangue theluji, utasikia krrrr. Watoto huku wanafundishwa kwamba ni kipande cha piza. Ukitaka kona ya kushoto kanyagia mguu wa kulia, ya kulia kanyagia wa kushoto, na macho yaangalie unapoenda, sio miguuni. Fimbo siku ya kwanza ziache, zinakuchanganya tu.

Kuanguka utaanguka, angukia ubavu. Kuinuka, weka skii zote mbili upande wa chini yako, zikatize mteremko, hapo haziwezi kuondoka na wewe, ndo ujisukume kwa mikono.

Safari ya sita hivi alishuka kimya, magoti yamekunjwa, krrrr ikasikika mpaka chini na akasimama mwenyewe kabla ya wavu. Akageuka akaangalia ile mistari yake miwili kwenye theluji, hakunisubiri, akaenda kupanga foleni tena.