Siku Moja na Viputo vya Perseus

Saa 2 asubuhi. Faili za Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, zimeshapakuliwa. Kundi la galaksi la Perseus liko umbali wa miaka ya nuru kama milioni 240, na katikati yake imekaa NGC 1275, galaksi ambayo shimo lake jeusi hurusha jeti, yaani mikondo ya chembe zenye kasi kubwa. Gesi ya kundi ina joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Inang'aa kwa eksirei, na kung'aa huko ndiko kupoa. Swali la leo: shimo jeusi linarudisha joto kiasi gani?

Naendesha chandra_repro, programu ya kuchakata upya data za Chandra, kwa kalibresheni mpya. Kichujio cha kamera ya ACIS kimejengeka utando wa uchafu unaomeza eksirei za nishati ndogo. Kalibresheni ikiwa ya zamani, halijoto utakayopata ni ya uongo.

Saa 4. Kusafisha: natupa vipindi vya mlipuko wa protoni, nabakiza eksirei za 0.5 hadi 7 keV (kilo-elektroni-volti, kipimo cha nishati), nakata nyota na kiini cha galaksi.

Saa 6 mchana. Spektra, pete kwa pete. Gesi ya nje iko mbele na nyuma ya ile ya ndani, hivyo lazima kuimenya kama kitunguu. Usipoimenya, katikati husomeka moto kupita kiasi. Hapo napata halijoto ya kama 4 keV (takriban digrii milioni 46) na elektroni 0.04 kwa sentimita ya ujazo.

Saa 8. Sasa viputo, yale matundu meusi kwenye picha ambako jeti imeisukuma gesi pembeni. Kimoja kina nusukipenyo cha pikseli 39, yaani miaka ya nuru 23,000. Nishati ni 4pV, yaani mara nne ya shinikizo la gesi (p) kuzidisha ujazo wa kiputo (V): joule 8 × 10^51. Umri? Sauti katika gesi hii husafiri kilomita 1,000 kwa sekunde. Nikichukulia kiputo kimesafiri kwa kasi hiyo, kiko miaka ya nuru 33,000 kutoka kiini, kwa hiyo miaka milioni 10. Gawanya: wati 2.6 × 10^37. Viputo viwili vinakaribia kufidia kinachopotea katikati ya kundi.

Ila kosa la asilimia 20 kwenye nusukipenyo hugeuka asilimia 73 kwenye ujazo, na kina cha kiputo hatukioni kabisa. Naandika masafa ya thamani, siyo namba moja.

Saa 10. Joto linasambaaje? Hitomi, setilaiti ya Japani ya eksirei, mwaka 2016 ilikuta gesi ikitikisika kwa kilomita 164 tu kwa sekunde. Msukosuko peke yake ni mpole mno kulifikisha joto mbali, ndiyo maana jioni yote nachuja picha nitafute mawimbi ya sauti, ambayo huenda ndiyo yanayolibeba.