Magunzi yanayochomwa, kuku wanaosubiri

Huku kwetu pumba si taka. Maandiko mengi niliyosoma kuhusu kuotesha ukungu juu ya mabaki ya mazao ili kupata vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja vitu kama wanga, yanaanza na pumba za ngano, na sababu ipo: zina wanga, zina protini, na chembe zake hupitisha hewa. Mjapani Jokichi Takamine alizitumia Marekani. Aliotesha juu yake ukungu ambao kwao hutumika kutengenezea sake na mchuzi wa soya, akapata kimeng'enya cha kuvunja wanga, akapewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1894. Lakini pumba ninazozijua mimi zina mwenyewe kabla hazijatoka mashineni.

Pale Kibaigwa, mkoani Dodoma, nilimwendea mzee mwenye mashine ya kukoboa.

"Shikamoo mzee. Naomba uniuzie pumba kidogo, za majaribio."

"Marahaba mwanangu. Pumba zimeshalipiwa, watu wa kuku wameziwahi. Ila ukitaka magunzi, jaza hata fuso, hakuna atakayekudai."

Alisema kweli. Akina mama huokota magunzi ya kuwashia moto, lakini mashine ya kupukuchulia ikipita kijijini inaacha chungu kubwa kuliko mahitaji ya jikoni. Yanayobaki huchomwa palepale shambani. Kwangu mimi hiyo ndiyo taka, na ndiyo tunayopaswa kuanza nayo.

Ukungu hutoa vimeng'enya vya kuvunjia kile ulichokikalia. Uupe wanga, utatoa cha wanga. Gunzi lina selulosi, ile nyuzi ngumu ya mimea, na lina zailani kwa wingi, ambayo ni mnyororo mrefu wa sukari unaoshikamana na selulosi kwenye kuta za seli za mmea. Kwa hiyo gunzi linaita zailanesi, kimeng'enya kinachokata mnyororo huo. Mimi natumia Trichoderma, jamii ya ukungu iliyojulikana sana baada ya wanajeshi wa Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kukuta mahema yao ya turubai yakiliwa katika visiwa vya Solomon.

Magunzi nayaponda hadi chembe za milimita chache, nachanganya na pumba kidogo kwa ajili ya protini, kisha naweka maji. Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua konzi ya mchanganyiko uibane kwa nguvu: kiganja kilowe, lakini maji yasichuruzike kati ya vidole. Yakichuruzika, hewa itakosa njia na bakteria watauwahi ukungu. Baada ya hapo ni kuchemsha kwenye sufuria ya presha, kupoza, kupanda mbegu za ukungu, na kutandaza kwenye trei, sentimita mbili tatu tu, mahali penye nyuzi joto kama 30. Usitandaze nene. Ukungu unapokua unatoa joto lake wenyewe, na katikati ya tabaka nene joto hilo halina pa kutokea, linaua ulichopanda. Nyuzi nyeupe zikishatanda na kijani kuanza kuonekana, naloweka kwenye maji, nakoroga, nachuja kwa kitambaa.

Watu huniuliza kuhusu sumukuvu, na wana haki ya kuogopa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Sumu hiyo hutoka hasa kwa ukungu uitwao Aspergillus flavus na ndugu yake wa karibu, ndiyo maana sichukui ukungu wowote uliojiotea ghalani. Mbegu lazima zitoke mahali zinapojulikana, barakoa isivuliwe, na hakuna kinachomfikia mnyama kabla ya kupimwa sumu.

Kipimo cha kimeng'enya ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Natia maji niliyochuja kwenye zailani, nasubiri, naongeza kemikali ya njano iitwayo DNS, nachemsha. Sukari iliyokatwa inabadili rangi: njano inakuwa chungwa, kisha inakolea kama chai ya rangi. Mrija wa pembeni wa kulinganishia, wenye maji yaleyale yaliyochemshwa kwanza ili kimeng'enya kife, haufiki huko.

Sasa turudi kwa wale watu wa kuku. Pumba walizoziwahi zina zailani, na kuku hana kimeng'enya cha kuikata. Sehemu ya chakula alichonunuliwa inapita tu tumboni. Ndiyo maana viwanda vya chakula cha mifugo duniani huongeza zailanesi. Wanaotengeneza chakula hicho kwa vidonge hupata shida ya joto, kwa kuwa mvuke wa kugandishia vidonge unaweza kuharibu kimeng'enya. Wafugaji wetu wengi wanachanganya chakula cha unga, kwa sepetu, sakafuni, bila joto lolote. Kwao unga wa magunzi yaliyooteshwa ukungu, uliokaushwa taratibu kivulini na kupita kipimo cha sumu, unaweza kuingia moja kwa moja kwenye mchanganyiko. Kiasi gani kwa kila gunia ndilo jaribio ninalolipanga sasa, na mzee wa Kibaigwa ameshanitengea magunzi ya msimu huu.